Asiyechangia Asihudumiwe

Saa tatu asubuhi Mheshimiwa Januari Ngassa alifika kwao, kijiji kilicho nyuma ya machimbo ya Mwakitolyo, kumzika mama yake. Akakuta mji wa mama yake mtupu. Hakuna turubai, hakuna sufuria jikoni, hakuna hata kuku wa kulikimbia gari lake. Dada yake Rhoda alikaa peke yake kibarazani, kanga kichwani.

"Watu wako wapi?"

"Kaiulize redio."

Akaelewa. Wiki tatu nyuma alisimama bungeni kwenye mjadala wa bajeti, akasema serikali inafilisiwa na misamaha ya kodi. Kila mchimbaji alipe kodi kwa kila mfuko wa mawe, na asiyechangia asihudumiwe. Wenzake wakampigia meza mpaka akaona aibu, ile aibu tamu. Maneno yakasafiri kwenye redio na simu, yakasikilizwa kila karasha inaposaga mawe ya dhahabu.

Sasa pale kijijini kuna kodi moja tu. Penye msiba, kila kaya inatoa debe la mahindi na mtu mmoja wa kushika jembe. Ukikosa mara tatu, siku ukifiwa unazika mwenyewe. Mama yake hakuwahi kukosa hata mara moja. Januari akajaribu kuhesabu misiba aliyokosa yeye, vidole vikaisha. Hata wa baba yake alikosa. Nao ulikuwa wakati wa bajeti.

Anayepuliza filimbi watu wakusanyike ni Masalu, kiongozi wa vijana wa kijiji. Januari alimkuta kwake anakunywa uji, miguu imejaa udongo.

"Mwangaluka, Masalu. Ndugu yangu, nimefiwa."

"Mwangaluka. Tumesikia. Pole, Mheshimiwa."

"Nipe vijana kumi wa kuchimba. Nitalipa, we taja tu."

"Utalipa kwa fungu gani? Si ulisema matumizi nje ya bajeti ni wizi?" Masalu akaupuliza uji. "Na misamaha umeifuta. Mimi nani nikupinge?"

"Mwili unafika saa nane. Na padri."

"Basi wahi."

Hakucheka. Angecheka, Januari angepumua.

Alirudi mbio, akavua koti, akachukua jembe na koleo. Baba alizikwa wapi vile? Aliona haya kumuuliza Rhoda. Akachagua kando ya ua wa minyaa, akaanza.

Ardhi ya Juni haina huruma. Saa tano malengelenge yalishapasuka. Saa sita shimo lilimfika kiunoni, na kila gari lililonguruma barabarani lilimsimamisha moyo. Akilini alishaliona jeneza limewekwa juu ya benchi, jua linazama, wamebaki yeye na Rhoda wawili, inzi wanaanza kuja. Akachimba kama mtu anayefukuzwa.

Kwenye saa saba, shimo likiwa kifuani, kivuli kikaingia. Kikaja kingine. Alipoinua macho, ukingo wote ulikuwa watu: wanaume na majembe, wanawake na masufuria vichwani.

"Toka, Mheshimiwa," Masalu alisema. "Gari la maiti limeshapita njia panda."

"Bado futi mbili."

"Kaburi la mama tulimaliza tangu alfajiri, na Rhoda anajua, kule nyuma ya zizi, ubavuni mwa baba yako. Yule mama hakuwa na deni na mtu. Tungemwachaje?"

Januari alitaka kucheka, alitaka kulia. Akanyoosha mkono avutwe.

Hakuna aliyeushika. Masalu alikuwa ameinama, anapima shimo kwa mpini wa jembe, taratibu, huku anamtazama Januari kichwani, mabegani.

"Limekukaa vizuri," alisema. "Tulifukie, au tukutunzie?"

Januari akajaribu kupanda kwa viwiko. Udongo ukamrudisha chini. Akajisikia anauliza msiba unaofuata uko kwa nani, na debe la mahindi linapelekwa wapi.

Watu ukingoni walikuwa bado wanaliangalia shimo.