Kizingiti cha Jikoni

Siku iliyoharibu kila kitu ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na tano Aprili, nayo ilianza vizuri tu. Lusungu alikuwa amepiga magoti jikoni kwake, suruali kaikunja, anagonga tailizi ya mwisho karibu na mlango kwa kandambili kuukuu. Mafundi wa kweli wana nyundo ya mpira. Yeye alikuwa na kandambili, na kazi ilikwenda.

Akalaza pima maji juu yake, akangoja kile kitone cha hewa kitulie. Kikasimama katikati. Akaigeuza upande wa pili, kikakimbilia pembeni.

"Na wewe nawe," akakiambia, akagonga tena.

Sakafu ilikuwa ya rangi tatu. Chini ya dirisha zilikuwa za kijivu, katikati za rangi ya udongo, na hapo mlangoni nyeupe zenye maua ya buluu. Zote zilikuwa mabaki ya jumba moja la Mbweni alikokuwa akilinda usiku. Mwenye jumba alipohamia alimwambia azoe anachotaka kabla vilivyobaki havijatupwa. Rangi hazikumshughulisha. Kila tailizi aliipitishia kiganja kwanza, na iliyokuwa laini kama kioo aliiacha palepale. Alitaka zile za kukwaruza, zinazowekwa barazani, zinazoushika unyayo hata ukiwa umelowa.

Alikuwa na sababu zake. Miaka miwili nyuma walikuja watu wenye makofia ya plastiki wakainyanyua barabara ya mbele, wakamwaga kifusi, wakashindilia, wakaweka lami. Wakubwa wakaja, wakapigwa picha, wakaondoka. Barabara ikabaki juu na nyumba zikabaki chini, kama viatu vilivyosukumiwa uvunguni mwa kitanda. Mtaro ulichimbwa upande mmoja tu, upande wenye kuta ndefu na mageti. Upande huu wakaambiwa wavute subira. Masika ya kwanza, maji yote ya lami yakashuka uani kwa Lusungu, na kwa kuwa jiko ndilo lililokaa chini kuliko vyote, likageuka bwawa.

Enzi hizo sakafu ilikuwa ya niru nyekundu, ambayo mkewe aliisugua mpaka ukajiona sura. Niru ikilowa ni sabuni. Asubuhi moja Mama Atu aliteleza na sufuria ya uji mkononi. Nyonga. Akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, safari ya mwisho akarudi ndani ya sanduku. Kwenye cheti waliandika mapafu. Lusungu, aliyeishia darasa la nne, alikisoma cheti kile kwa kidole, neno baada ya neno, akitafuta mahali palipoandikwa barabara. Hakupaona.

Sasa binti yao wa pekee, Atuganile, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na kesho yake alikuwa anatoka wodini. Mzazi wa uzazi wa kwanza hurudi kwao akalelewe mpaka arobaini itimie. Kwao ni hapa. Lakini mama mkwe wake wa Tegeta, Mama Brightson, alishasema neno lake, tena kwa upole: kichanga hakilazwi kwenye nyumba inayoingia maji. "Baba yako akinionyesha jiko kavu, mie sina kinyongo," alimwambia Atu. Kesho angekuja kuliona mwenyewe.

Ndiyo maana Lusungu alichukua likizo. Dukani walikuwa wamemshauri kapeti la plastiki, eti la kisasa, unatandika tu. Akawauliza likiingiwa maji kwa chini itakuwaje, wakamtajia bei. Niru hakutaka hata kuisikia. Akajaza kifusi jikoni, akamwaga zege juu yake, akapandisha sakafu mpaka mlango ukakataa kufunguka, akaukata mlango kwa msumeno. Akajenga kizingiti cha tofali. Halafu akajaza kifusi na uani, mbele ya mlango, ili maji yasipate hata pa kukaa.

"Hodi humo! Nivue ndala, au pamekuwa msikiti?"

Alikuwa Bi Samiha, jirani wa ukuta kwa ukuta, mjane wa Muhsin aliyekuwa na duka la vitambaa Mwenge. Mkono mmoja birika la chai ya tangawizi, mkono mwingine sahani ya vitumbua.

"Vua. Na usikanyage hizo za maua, hazijashika."

Bi Samiha akachungulia, akaguna. "Hee, Baba Atu! Rangi tatu! Hapa tupike au tucheze drafti?"

"Wewe pika, mie nicheze."

"Na mbona umepaa hivi? Zamani dirishani nilikuwa naona kichwa chako tu, sasa naona mpaka kitovu. Vaa shati, bwana, mie mtu mzima."

Lusungu akacheka, jambo ambalo halikuwa la kila siku kwake. Na Bi Samiha hakuwa jirani wa kuazimana chumvi tu. Asubuhi ile ya uji, maji yaliposukuma mlango ukagoma, yeye ndiye aliyepita dirishani, na umri ule, akamnyanyua Mama Atu pale chini.

"Maji ya kumkanda mwanangu nitachemsha kwangu," alisema akimimina chai. "Asubuhi na jioni. Wewe baba mtu huwezi kumkanda. Wewe kazi yako mtori."

"Mtori wa Wachaga. Sie tunapika ndizi."

"Ndizi hizohizo. Usinichoshe."

Chai haijapoa, Erasmus akatokea uani, na nyuma yake mgambo mmoja mnene. Erasmus ndiye mtendaji wa mtaa, kijana wa juzijuzi, shati kachomekea, viatu vinakwepa matope.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba," wakaitikia wote wawili.

"Mzee, hiki kifusi kina kibali?"

"Kibali cha kutengeneza jiko langu?"

"Cha ukarabati. Umebadilisha usawa wa ardhi."

Lusungu akasimama, magoti yakalia. "Usawa wa ardhi. Na ile barabara iliyobadilisha usawa wa mtaa mzima, kibali chake uliletewa wewe?"

"Ile ya serikali, mzee."

"Na maji yake nayo ya serikali, au yale ni yangu?"

Mgambo akatazama pembeni asicheke. Erasmus akavuta pumzi. "Mtaro wa upande wenu uko awamu ya pili."

"Awamu ya pili ndiyo lini?"

"Ikifika mtatangaziwa. Ishu ya leo ni kibali. Njoo ofisini, jaza fomu, injinia atakuja kukagua, utaendelea na ujenzi."

"Nimeshamaliza."

"Ndiyo kosa lenyewe hilo."

"Erasmus mwanangu," Bi Samiha akaingilia, akamsogezea sahani, "vitumbua hivi navyo sijaviombea kibali. Kula kabla havijakamatwa."

Erasmus akala viwili, akafuta mafuta kwa kitambaa, akasema ahsante mama, Mungu akubariki. Kisha akamwonyesha mgambo kwa kidevu. Mgambo akabeba koleo na pima maji. Vitakaa ofisini mpaka kibali kipatikane, ndio utaratibu. Lusungu hakupigana. Alimtazama yule mgambo mnene akitembea na koleo lake begani kando ya lami, upande usio na mtaro, akiruka madimbwi.

Saa tisa alasiri mvua ikashuka.

Lusungu alivuta kigoda akakaa ndani ya mlango. Maji yakaja kama yalivyozoea, rangi ya chai ya maziwa, yamebeba chupa na majani. Yakavuka uani, yakafika kizingitini, yakakigusa, yakasita kama mgeni aliyekuta wenyeji wamehama. Kisha yakageuka. Lusungu akasubiri. Akainama akapapasa tailizi za maua kwa kiganja. Kavu. Akaenda mpaka chini ya dirisha, akarudi. Kavu kote.

Akapiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Njoo nyumbani. Mvua inanyesha na jiko kavu."

"Kweli, baba? Nimwambie Mama Brightson?"

"Mwambie. Tena mwambie avae viatu vyake vya kanisani."

Atu akacheka, na kwa nyuma kichanga kikalia. Lusungu akakisikiliza mpaka simu ikakatika. Hapo ndipo aliposikia sauti nyingine, upande wa pili wa ukuta. Bakuli linachota, ndoo inapokea. Bakuli, ndoo. Sauti ile aliijua. Masika yaliyopita ilikuwa yake.

Akatoka bila mwavuli.

Mlango wa jiko la Bi Samiha ulikuwa wazi na maji yalikuwa yanaingia bila haraka. Unga umelowa, mkaa unaelea. Bi Samiha alikuwa peku katikati, gauni kalikusanya mkononi, na chini yake, ndani ya maji, ilionekana niru nyekundu. Kazi ya fundi yuleyule aliyemwekea Lusungu. Walimwita pamoja, wiki moja. Bi Samiha akanyanyua mguu kumfuata Lusungu, mkono wake ukatafuta ukuta.

"Usitembee!" Lusungu akapiga kelele, akashtuka mwenyewe. Akaingia, akamshika kwapani, akamkalisha juu ya meza.

Lusungu akajifuta uso kwa kiganja.

"Yameanza lini kuingia kwako?"

"Leo." Alilisema bila ukali, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. "Jiko langu halijawahi, Baba Atu. Siku zote yalikuwa yanaishia kwako."

Lusungu akatazama nje, akaona kifusi chake, kimeshindiliwa vizuri, kimelala kama daraja kutoka barabarani mpaka mlango wa jirani.

"Kesho nitakujengea kizingiti."

"Jenga. Na mie yakinikosa yatakwenda nyumba inayofuata, kwa Shomari, na watoto wake wanalala chini. Shomari naye ajenge?"

Lusungu akazunguka jikoni. Alikuwa anatafuta kwa macho. "Una koleo?"

"Koleo la nini? Lako liko wapi?"

"Si umeona limekamatwa. Liko ofisini, linasubiri injinia."

Bi Samiha alicheka mpaka meza ikatikisika, akamwonyesha jembe nyuma ya mlango.

Lusungu alilima kifusi chake mwenyewe mbele ya mlango wake mwenyewe, mvua ikimpiga mgongoni, akitupa udongo kando. Kilichomchukua siku kadhaa kukishindilia kilitoka upesi. Shimo lilipofika chini maji yakalikumbuka. Yakarudi uani kwake, yakatulia, yakaanza kupanda.

"Yanapungua huku!" Bi Samiha akaita kutoka mezani. "Sasa acha! Usiyachukue yote! Tugawane!"

Akaacha. Maji yakalamba kizingiti, kisha yakapita juu yake, si mengi, ya kulowesha nyayo tu. Ile tailizi ya asubuhi ikainuka ukingo mmoja, maji yakapita chini ya maua yake. Lusungu akatembea juu ya sakafu iliyolowa mpaka kwenye rafu ilipokuwa simu. Hakuteleza. Akasimama, akarudia hatua zilezile, polepole. Hakuteleza.

"Atu, mwanangu. Kesho mwende Tegeta."

"Baba! Si sasa hivi umesema pakavu?"

"Palikuwa pakavu."

Akamweleza. Hakuwa na maneno mengi; maji yalikuwa yanakwenda kwa Bi Samiha, ameyarudisha nusu. Mtoto alisikika akinyonya karibu na simu.

"Bi Samiha hajambo?"

"Hajambo. Nimemkalisha juu ya meza."

"Mwambie asishuke mpaka ukaushe. Nitampigia." Akambembeleza mtoto, akarudi kwenye simu. "Lakini baba, hao waliojenga barabara, wao walitaka maji yaende wapi?"