Alikokuwa Akienda Tevin

Mtaani Amalemba, hakuna aliyekuwa hajui kwamba Jescah ni wa Philomena na Nekoye ni wa Saida. Watu wengine hugawanywa na mpira, wengine na kanisa. Ajuza hawa wawili, waliopakana ukuta mmoja miaka yote ya ujane wao, waligawanywa na waigizaji.

Philomena Ndolo na Saida Mwakuni walikuwa wameigiza pamoja zamani, katika mchezo wa televisheni wa kila Jumapili jioni. Philomena alikuwa mama mkwe mwenye ulimi wa kukata, na Saida alikuwa kijakazi wa kulia hadi nyumba nzima inalia naye. Sasa wote wawili walikuwa wamezeeka, nywele nyeupe, na kazi ya kuigiza walikuwa wameiweka kando wakashika siasa. Philomena alikuwa akipanda jukwaani na wakubwa wa serikali, akisema vijana wa siku hizi hawana adabu. Saida naye alitembea na vijana barabarani, bendera shingoni, akikohoa moshi wa polisi kama wao. Basi ule ubishi wa zamani, wa nani anajua kuigiza zaidi, ukageuka kuwa wa nani anasema kweli.

"Huyo wako anakulanga wapi, Mama Cornelius?" Nekoye alikuwa akiuliza, akining'inia juu ya ua. "Si ni kwa meza ya serikali?"

"Na wako je, Mama Beverly? Amekosa kazi ya kuigiza kwa televisheni, sasa anaigiza kwa barabara."

Walikuwa wakicheka mpaka washike mbavu, kisha Nekoye akipitisha bakuli la mboga ya mrenda juu ya ua, na Jescah akirudisha bakuli likiwa na ndizi. Wenye masikio mabaya walidhani wanagombana.

Siku ile ya maandamano, mtangazaji wa asubuhi redioni aliamka na swali hilohilo: kati ya Philomena na Saida, mama wa taifa ni nani? Jioni waigizaji hao wawili walikuwa wamealikwa kwenye televisheni, wakae uso kwa uso. Jescah alikuwa mpiga simu wa kujulikana katika redio ile, hata jina lake la salamu lilijulikana: Jescah Roho Safi wa Amalemba. Alipiga, akapokelewa, na akaongea kama mtu aliyeombwa.

"Mimi ni wa Philomena mpaka kaburini," alisema. "Mtoto aliyelelewa akaleleka hawezi kuwa barabarani leo. Na akipigwa huko, asilie, kwa sababu alijipeleka."

Upande wa pili wa ukuta, Nekoye aligonga kwa mwiko. "Mama Cornelius! Hiyo aibu peleka kwenu Chekalini!"

Jescah alicheka mpaka chai ikampalia.

Baadaye Nekoye alijifunga kitambaa akaenda kwenye maombi ya akina mama. Nyumbani akabaki Tevin, mjukuu wake, akisugua viatu mlangoni. Binti ya Nekoye, Beverly, alikufa Tevin akiwa bado ananyonya, na bibi yake alimlea kwa maziwa ya kununua na sala. Sasa alikuwa kijana wa kutengeneza simu katika kibanda cha watu mjini, mpole, mwenye mikono isiyotulia.

Jescah alimwita. Adapta ya king'amuzi chake ilikuwa imeungua usiku umeme uliporudi, na bila adapta hakuna mazungumzo ya jioni.

"Kukhu, leo si siku ya kwenda town," Tevin alisema, akimwita bibi kwa Kiluhya kama kawaida yake. "Bosi amefunga, amesema kila mtu akae kwao."

"Sema tu unataka nisimwone Philomena akimnyoa huyo Saida wenu."

"Mimi sina Saida, sina Philomena. Mimi leo ni wa kitanda."

"Kelele ziko kwa barabara kubwa. Wewe pitia nyuma ya soko, chukua adapta, rudi. Nitakuchinjia ingokho."

"Ile nyekundu?" Tevin akacheka. "Hiyo kuku imekonda, Kukhu, itakuwa ni mimi nimeionea huruma."

Lakini alivaa viatu, bado vimelowa, akaenda. Hakuwahi kumkatalia Jescah jambo tangu alipokuwa mdogo, na Jescah alilijua hilo alipomwomba.

Milio ilianza jua likiwa juu. Kwanza ilikuwa ile mizito ya mabomu ya machozi, ambayo mtaa ulikuwa umeizoea. Kisha ikaja mingine, mikavu, kama mtu anayevunja kuni. Jescah alitoka akasimama kwenye lango, ameshika kiuno. Bodaboda wa kwanza alipita bila kutazama. Wa pili alisimama, akavua kofia yake ya chuma, na kwa namna alivyoishika mbele ya kifua Jescah akajua kabla hajaambiwa.

"Kwa Mama Beverly ni hapa?"

Tevin alikuwa ameanguka nyuma ya soko, risasi shingoni. Habari za jioni zilisema mwandamanaji aliyekuwa akirushia askari mawe ameaga dunia mjini Kakamega. Jina halikutajwa.

Mazungumzo yale ya televisheni Jescah hakuyaona, ila maneno yake yalimfikia yote. Kesho yake, akina mama wakiwa wameketi kwenye mikeka nyumbani kwa Nekoye, msichana mmoja alicheza video kwenye simu. Philomena aliulizwa kuhusu waliokufa. Akasema pole, halafu akasema, kwa sauti ileile ya mama mkwe, "Lakini tuulizane, wazazi walikuwa wapi? Mtoto aliyelelewa vizuri alikuwa nyumbani." Wanawake wakafyonya. Mmoja wao akamtupia Jescah jicho kisha akaliondoa. Jescah alitazama miguu yake.

Nekoye hakula wala kunywa. Waliomtembelea walimsemesha, naye akawatazama kama watu walio ng'ambo ya mto. Midomo yake ikapasuka. Mchungaji alikuja akaomba, daktari wa mtaa akaja na maji ya chumvi, akayakataa. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba huenda wangechimba makaburi mawili.

Kisha ikaja simu. Rafiki za Tevin walikuwa wameweka picha yake mtandaoni, na Saida Mwakuni mwenyewe alikuwa ameiona. Nekoye aliwekewa simu sikioni, na sauti aliyoisikiliza Jumapili zote za maisha yake ikamwambia, "Mama, ulilea shujaa. Mtoto wako amekufa kwa ajili ya nchi hii. Nitakuja kumzika pamoja nawe."

Nekoye alilia hapo, kwa mara ya kwanza. Alipomaliza aliomba uji. Jescah ndiye aliyeupika, na nusu ya unga ikamwagika chini.

Kuanzia siku hiyo Nekoye alikuwa na la kusema. Kila aliyeingia aliambiwa: Tevin alivaa viatu vyake vizuri, akatoka bila kuniaga kwa sababu alijua nitamzuia, akaenda kupigania haki. Kwa kila kusimuliwa, hadithi ilipata nyama. Jescah aliisikiliza akiwa kando yake, akimpepea kwa ncha ya leso.

Akaja pia msichana wa shirika la haki, Jepkosgei, mwenye sauti ya chini. Aliwaambia majirani kwamba polisi wameandika Tevin alikuwa akirusha mawe. "Nikipata mtu mmoja tu anayejua alikuwa akienda wapi," alisema, "mtu aliyemwona akitoka, basi hiyo habari yao inaanguka. Kesi inapata miguu." Alizungusha macho kwa kila mmoja. Yalipomfikia Jescah, Jescah aliinama akaokota jani kavu sakafuni.

Neno lilimkaa kifuani kama jiwe la kusagia. Alijaribu kulala nalo, likamkalia. Akajiambia kwamba akilisema, Tevin atasafishwa jina, na yule askari aliyempiga risasi ataulizwa. Akajiambia tena kwamba akilisema, Nekoye atarudi kule ng'ambo ya mto, na safari hii anayemsukuma atakuwa yeye.

Siku moja kabla ya mazishi walikuwa wamefika Navakholo, kwenye boma la marehemu mume wa Nekoye. Vijana walikuwa wakifunga turubai, na wake wa ukoo walikuwa jikoni. Jescah alimkuta Nekoye peke yake nyuma ya jiko, akichambua mrenda, jani kwa jani, maana alikuwa amekataa kukaa bure. Akaketi kwenye gogo.

"Mama Beverly, kuna neno limenikaa kooni."

"Liteme."

Akalitema lote. Adapta, kuku, mzaha wa Philomena na Saida, njia ya nyuma ya soko ambayo yeye mwenyewe alimwelekeza. Mikono ya Nekoye haikusimama. Majani yakaendelea kuanguka kwenye ungo.

"Alikataa?" aliuliza mwishowe.

"Alikataa kwanza."

"Akaenda."

"Akaenda kwa sababu ni mimi."

Kulikuwa na ndama anayelia mahali fulani, na mtu akigongomea msumari. Nekoye alichukua kikonyo kingine.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Basi usimwambie mtu."

"Lakini yule Jepkosgei anasema..."

"Jepkosgei alimlea?" Sasa aliinua uso, na Jescah akatamani asingeuinua. "Sikia, Mama Cornelius. Mtu aliyekufa akitafuta kijiwaya cha televisheni ya jirani, huyo nitamlilia namna gani? Nitasema amekufia nini? Kesho Saida akishuka kwa gari nimwambie, samahani, shujaa alikuwa ametumwa dukani na mtu wa Philomena?"

"Wanasema alikuwa akirusha mawe. Tevin! Hata paka hajawahi kumrushia jiwe."

"Wacha arushe," Nekoye alisema. "Wacha arushe mawe yote ya Kakamega. Afadhali arushe."

Jescah alianza kulia. Nekoye hakumnyamazisha, wala hakumgusa.

"Nikibaki na hilo lako, itabidi nikuchukie," alisema. "Na mimi sina nguvu. Nikikuchukia, nitarudi Amalemba nikae na nani? Na ukuta?" Akasukuma ungo kando. "Ile siku uliongea kwa redio na hakuna aliyekutuma. Kesho utaongea tena. Safari hii ninakutuma mimi."

Siku ya mazishi watu walijaa hadi kwenye shamba la miwa. Saida Mwakuni alifika kwa gari lenye vumbi, akashikwa mkono akishuka, mdogo kuliko alivyoonekana kwenye televisheni, miguu imevimba. Aliweka kiganja juu ya jeneza, akazungumza, na katikati ya mazungumzo akalia. Jescah alimtazama kwa makini. Alikuwa amemwona mwanamke huyu akilia mara nyingi mno, kwa sababu za kuandikwa, na machozi yalikuwa yaleyale, yakishuka kwa njia ileile kando ya pua. Hakuweza kujua kama haya ni ya kweli. Vijana waliimba jina la Tevin, ngumi juu. Kamera zilimtafuta Nekoye, naye alikaa wima, kichwa hakikuinama hata kidogo.

Osundwa, shemeji ya Nekoye, ndiye aliyeshika kipaza sauti. "Sasa majirani wa Amalemba. Mama Jescah, njoo utuambie."

Manung'uniko yakapita chini ya turubai. "Si ndiye yule wa redio?" sauti ya kike ilisema. "Roho Safi! Ni wa Philomena huyo," akajibu kijana mmoja, na mwingine akapiga mluzi. Jescah alitembea katikati yao. Nyuma kabisa, karibu na nguzo, alimwona Jepkosgei ameinua simu akirekodi. Mbele alimwona Nekoye.

Kipaza sauti kilikuwa kizito, chenye joto la mikono ya wengine.

"Mnanijua," alisema. "Nilisema mtoto aliyelelewa hawezi kuwa barabarani. Huyu nilimwona akilelewa." Angeweza kuishia hapo, aketi, aseme amelemewa na uchungu, na hakuna ambaye angemlaumu. Nekoye hakupepesa. "Asubuhi ile nilimkuta mlangoni akisugua viatu. Nikamuuliza, Tevin, unaenda wapi? Akaniambia, Kukhu, naenda maandamano. Nikamkataza. Akaniambia, nisipoenda mimi, ataenda nani?"

Turubai lote lilinguruma. "Kukhu! Kukhu!" vijana wakaimba, walewale waliompigia mluzi. Saida alisimama kwa shida, akaja akamkumbatia, akamwambia sikioni, "Asante, mama, hayo ndiyo yalihitajika." Wengine wangetoa ng'ombe kwa kumbatio hilo. Jescah alisimama ndani yake, mikono imelegea, akingoja limalizike.

Baada ya udongo kurudishwa, watu wakipanga foleni ya obusuma, ugali wa matanga, Jepkosgei alimfuata kando ya banda la kuku.

"Kukhu, pole. Nataka nihakikishe tu. Alikwambia mwenyewe kwamba anaenda kwenye maandamano? Hakuwa akienda kwingine?"

Jescah alitazama kaburi. Vijana walikuwa wakipiga picha pale, wawili wawili, wakipokezana.

"Alikuwa anaenda maandamano," alisema.

Jepkosgei akatia simu mfukoni. "Sawa. Basi nitaandika hivyo."

Jescah alirudi penye mikeka. Wanawake walikuwa wamejaa, wamebanana bega kwa bega, na kwa muda alisimama pembeni na sahani yake kama mgeni. Nekoye alimwona. Akasogeza miguu, akavuta leso yake, ikapatikana nafasi ndogo.

"Keti," alisema, bila kumtazama. "Na ule. Watu wanatuangalia."