Kofia Iliyoonja Sabuni

"Alikuwa amekunywa," alisema mwendesha pikipiki. Tangi lake lilikuwa wazi, naye amekaa upande juu ya kiti akingoja lita yake. "Saa tatu ya asubuhi, mama! Mutu anashika tronsoneze ya kukata miti, anaingia mu muti ya batu, na kichwa imejaa lotoko. Sasa muti imebomoa jikoni ya Papa Constant, na yeye mwenyewe muguu imevunjika fasi mbili. Unaona?"

"Naona," alisema Mbambu.

"Na kofia iko wapi leo?"

Mbambu aliendelea kumimina. Juu ya faneli alikuwa ametandika kitambaa kipya cheupe, kimekunjwa mara nne. "Kofia imechoka," alisema. "Inapumzika."

Yule mwanamume akacheka, akafunga tangi, akaondoka. Siku nyingine Mbambu asingemwacha aende hivihivi. Angemgombeza kwanza kwa kumsema mgonjwa, kisha angetaka kujua mgonjwa amelala wapi, nani anampikia na mfupa umevunjika juu ya goti au chini yake. Ulimi wake haukuwa wa kulala. Lakini huu ulikuwa mwaka wa kumi na mbili anauza esanse, petroli ya chupa, kwenye meza ile ya Nyakasanza, na leo alitamani barabara yote inyamaze.

Kofia aliyoulizwa ilikuwa ya marehemu mume wake, Isidore. Ilikuwa kofia nzito ya sufu iliyoshindiliwa, ya kuvaa kanisani, hadi siku Isidore alipoiingiza ndani ya faneli na kuanza kuchujia esanse. Makadafi wengine, maana ndivyo wanavyoitwa wauzaji wa esanse ya chupa, walimcheka mpaka wakalia. Isidore hakujali. Alikuwa akiwauzia watu wa pampu za machimboni Nizi na Bambu, watu ambao mota ikiwazimikia shimoni hawarudi kudai fedha bali wanarudi kupiga. Esanse ilipita ndani ya sufu taratibu. Maji yalikataliwa. Yalibaki juu ya kofia yakiwa vitone vya duara, na uchafu wa bidoni, yaani dumu la esanse, ukabaki pamoja nayo. Isidore aliikung'uta kofia chini, pa, pa, akampa mteja chupa yake.

Alimfundisha mke wake mambo matatu. Bidoni iachwe itulie kabla ya kuiuza. Esanse ya kimo cha vidole viwili chini ya bidoni isiuzwe hata akija nani. Na kofia isiguswe na sabuni. "Kofia ikionja sabuni itapenda maji," alisema. Mbambu alidhani ni mzaha, maana Isidore alikuwa mtu wa mizaha, lakini hakuiosha. Watu wakaanza kusema, kwa Mbambu hakuna maji. Walisema hivyo hata baada ya Isidore kufa, na mjane huyo aliishi kwa maneno hayo kama wengine wanavyoishi kwa mshahara.

Sasa, Jumamosi iliyopita waliondoa matanga. Mwaka ulikuwa umetimia tangu Isidore afe. Shemeji zake walifika kutoka Butembo kugawana nguo za marehemu, na nguo za marehemu hazigawanywi zikiwa na jasho lake. Mbambu alizifua mwenyewe tangu alfajiri, mashati, suruali, koti, na mwishoni akaikuta kofia imening'inia kwenye msumari wake ikinuka esanse. Aliitazama. Hiyo nayo ilikuwa nguo ya marehemu. Angempaje mrithi kofia yenye grisi, mbele ya ukoo mzima? Aliitumbukiza katika beseni. Aliisugua kwa sabuni ya unga mara tatu, hata akajisifu jinsi ilivyong'aa.

Shemeji mkubwa aliijaribu. Ilikaa juu ya kichwa chake kama kifuniko cha birika, watu wakacheka, naye akairudisha. "Ibaki kwa mujane. Ni yake ya kazi." Mbambu aliipokea kwa mikono miwili. Alifurahi, tena alifurahi sana.

Usiku wa Jumapili mvua ilipiga. Bidoni moja ilikuwa barazani, kizibo chake kimepasuka, na juu yake alikuwa amefunga kifuko cha plastiki tu. Jumatatu asubuhi kifuko kilikuwa kimelegea. Mbambu alikiona, akajisemea ataichuja esanse vizuri, kuna kofia.

Mteja wa kwanza alikuwa Emery, mkata miti, mtu mrefu wa maneno machache anayejulikana toka Nyakasanza hadi sokoni kwa kuangusha mti mahali anapouonyesha kwa kidole. Alitaka lita mbili. Alikuwa na kazi ya kukata mkaratusi wa Papa Constant, ulioinama kuelekea nyumba, na alitaka uwe chini kabla upepo wa mchana haujaanza. Nyuma yake walisimama wanawake wawili na chupa zao.

Mbambu alimimina. Kisha akatazama ndani ya kofia.

Hapakuwa na kitu. Asubuhi ya baada ya mvua kofia ile haikuwa imewahi kukosa hata kitone kimoja cha maji, na leo ilikuwa imelowa yote, sawasawa, safi. Hapo Mbambu alijua maji yamepita. Hakukisia, alijua, na maneno ya Isidore yalimjia masikioni neno kwa neno.

"Iko safi, mama?" Emery aliuliza, kwa desturi tu, huku akifunga kidumu chake.

Angeweza kusema: papa, ngoja kidogo. Nusu saa ingetosha, na chupa nyeupe ya kuangalizia. Lakini wale wanawake walikuwa wakisikiliza, na kwa Mbambu hakuna maji. Kilichomfunga mdomo ni kiburi, wala si kitu kingine.

"Iko safi," alisema, "kama kila siku."

Ile bidoni aliisukuma nyuma ya mlango, na wale wanawake akawauzia kutoka bidoni nyingine. Jambo hilo ndilo lililomuuma zaidi siku tatu zote hizi. Wao aliwaonea huruma.

Leo alipofunga meza kabla ya saa sita, majirani walishangaa. Alichukua uji wa mtama katika termosi akaenda kwa Emery.

Alimkuta sebuleni, juu ya godoro, mguu umevikwa plasta hadi pajani. Pembeni, juu ya gazeti, alikuwa amezipanga sehemu za mashine yake: mnyororo, filtre ya kuchujia hewa, skrubu moja moja, kabureta imefunguliwa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepoteza kitu ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Mama Mbambu, karibu. Samahani, siwezi kusimama."

"Lala, papa. Lala tu."

"Natafuta kosa, siioni." Aliinua plagi ndogo ya mashine akaigeuzageuza. "Moto iko. Filtre nilisafisha Jumamosi, siku ya Posho. Ilikata muzuri mpaka katikati, kisha ikakohoa, ikakufa. Na muti, mama, mutu haachake katikati. Nilivuta kamba, nikavuta. Upepo ikakuja. Muti ikajigeuza."

Mbambu alitazama ile kabureta iliyofunguliwa. "Na esanse? Uliipima?"

"Kifuniko iliruka, yote ikamwangika mu majani. Na ata ingebaki, ningepima nini?" Emery alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayemwonea mgeni haya. "Ilitoka kwako. Kwako sijapata maji ata siku moja. Hapana, mama, njo miye mwenye kosa. Kuko kitu nilisahau, na sijui ni nini."

Mbambu alimimina uji. Uji ukamwagika juu ya gazeti, Emery akavuta skrubu zake kando.

Mke wake, Joséphine, alimsindikiza hadi uani na huko akamshika mkono kwa nguvu. "Mama, saa nane shefu wa kartye anakuja pale kwa Papa Constant. Papa Constant anasema mume wangu alilewa. Anataka tronsoneze ibaki kwake ya kulipa jikoni. Bakikamata ile mashini, siye tumekwisha. Tutakula nini? Mume wangu hajaonja pombe tangu Pasaka ya mwaka juzi, lakini mudomo yangu ni ya bibi yake, nani ataisikia? Weye ulimuona ile asubuhi. Sema tu ulimuona muzima."

"Nitasema," alijibu Mbambu.

Njia nzima kurudi nyumbani alijipangia maneno. Nilimwona, alikuwa mzima, hakunuka pombe. Yote kweli tupu. Angesema, angeketi, Joséphine angemshukuru, na mashine pengine ingepona. Pengine. Lakini mashine ya mtu asiyelewa imezimikaje? Watu wangesema basi hajui kazi. Emery angebaki mkata miti aliyeangusha mti juu ya jiko la watu bila sababu, na nani tena angemwonyesha mti ulio karibu na nyumba? Naye angeendelea kulala pale akigeuza skrubu, akilitafuta kosa lililokuwa kwa Mbambu nyuma ya mlango.

Aliitazama ile bidoni. Alilia kidogo, hasa kwa hasira, na kwa Isidore ambaye hakuwepo kumgombeza. Kisha alinawa uso, akachukua kofia kutoka kwenye msumari.

Uani kwa Papa Constant mkaratusi ulikuwa bado umelala ulipoangukia, matawi ndani ya jiko, mabati yamekunjamana chini yake. Harufu ya majani yake ilijaa kote. Emery alikuwa ameletwa juu ya kiti, mguu umenyooshwa. Shefu, mkuu wa mtaa, alikaa karibu na kisiki, na Constant alikuwa amesimama, maana hakuwa na subira ya kukaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelipigilia jiko lile bati kwa mikono yake, na mkewe alikuwa ametoka humo kuchota maji muda mfupi tu kabla ya mti kuja.

"Shefu, minasema kile kila mutu anasema," alikuwa akieleza. "Mufundi muzima haachake muti katikati. Ni pombe."

"Mama Mbambu anajua kama ni pombe," Joséphine alidakia. "Sema, mama."

Watu wakageuka. Mbambu aliingia katikati akiwa ameinama upande mmoja kwa uzito wa bidoni. Kwapani alikuwa na chupa nyeupe ya kioo, na mkononi faneli na kofia.

"Alikuwa muzima," alisema. "Hakunywa kitu."

Joséphine akashusha pumzi. Mtu angeweza kuishia hapo. Mbambu mwenyewe alihisi miguu yake ikitaka kurudi nyuma.

"Na mashini yake haikuwa na kosa," aliendelea. "Esanse hii njo nilimuuzisha. Ni ile ile. Angalieni."

Aliweka chupa juu ya kisiki, faneli juu ya chupa, kofia ndani ya faneli, kama alivyofanya Jumatatu. Aliinua bidoni, akaitikisa, akamimina polepole hadi chupa ikajaa. Esanse iliingia ikiwa na ukungu. Kofia haikubakiza kitu.

Constant aliinama. "Sioni kitu."

"Ngoja, papa. Inatakaka kutulia."

Walingoja. Ni jambo gumu, watu ishirini kusimama kuitazama chupa. Kuku alipita, akafukuzwa. Shefu alifungua simu akaifunga tena. Mbambu alisimama ameikumbatia ile kofia iliyolowa, esanse ikimpenya katika blauzi na kumchoma ngozi, naye akaacha ichome. Aliwaona wale wanawake wawili wa Jumatatu ukutani, na mwendesha pikipiki wa asubuhi karibu nao. Kesho meza yake ingekuwaje, alijua.

Ukungu ulianza kushuka. Juu esanse ikapata rangi yake, manjano hafifu, na chini kabisa ukatokea mstari, kwanza mwembamba, kisha wazi, na chini ya mstari palikuwa peupe. Vidole viwili. Vichembe vya kutu vilikuwa vimelala humo.

"Ni maji," alisema mtu.

Constant alivua kofia yake ya jua, akaitazama chupa, akautazama mti, akalitazama jiko.

"Mvua iliingia mu bidoni," Mbambu alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Na kofia nilikuwa nimeifua. Haikamate tena."

Ingetosha. Watu walikuwa tayari kumhurumia, aliliona hilo nyusoni mwao: mjane, matanga, mvua. Shefu alikuwa amekwisha kufungua mdomo.

Ila Emery hakuwa akiitazama chupa. Alikuwa akimtazama yeye, na plagi ya mashine ilikuwa bado mkononi mwake, alikuja nayo.

"Mama," aliuliza polepole, "ile asubuhi, wakati unaniambia iko safi. Ulikuwa unajua?"

Joséphine alitikisa kichwa kumwambia mumewe aache. Mbambu aliona jibu lingine likimjia tayari limepangwa, fupi, lisiloweza kupimwa katika chupa yoyote.

"Nilijua," alisema.

Emery alinyoosha mkono kuelekea kisiki, hakukifikia kwa sababu ya mguu, na Mbambu akaichukua chupa akampelekea. Aliipokea. Aliiinua hadi kwenye mwanga, akaiinamisha kushoto, akaiinamisha kulia, na maji yale yakatembea taratibu chini ya esanse, kushoto, kulia, bila kuchanganyika nayo. Aliitazama hivyo kwa muda mrefu. Mbambu alikuwa amebaki mbele yake, kiganja kimefunguka kuipokea tena, naye Emery hakuirudisha: kosa alilolitafuta siku tatu lilikuwa humo.