Siku Mwewe Alipompora Sarimanok

Mimi harusi ya Norhata niliiombea ivunjike. Nasema wazi, maana hata yeye anajua, mumewe anajua, na wakija kula hunitania mpaka nawafukuza.

Norhata ni binti wa kaka yangu. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, nikamchukua, nikamlea hapa hapa Tugaya, katika nyumba hii inayotazama ziwa. Nilikuwa na Norhata, nitake nini kingine? Kisha akatokea huyu Hamdani wa ng'ambo ya ziwa, kijana wa miguu mirefu na meno mengi, akaleta wazee, na kaka yangu akakubali kabla kahawa haijapoa. Nikatabasamu kama watu wengine, lakini moyoni nilikuwa nawaka.

Nikabaki na tumaini moja tu, nalo ni ndege.

Kwetu Wamaranao, watu wa ziwa hili, bwana harusi hutanguliwa na sarimanok, yule ndege wa hadithi mwenye mkia wa jogoo na rangi za kila namna, aliyechongwa kwa mti na kuinuliwa juu ya mlingoti. Mdomoni ana samaki. Wanasema zamani alishuka kwenye karamu ya sultani, akageuka kijana mzuri, akaondoka na binti wa watu, na sultani akabaki kuchonga sanamu yake kwa majonzi. Watu huisimulia hadithi hiyo huku wanacheka! Mimi nilikuwa namwonea huruma sultani tu. Na katika ukoo wetu, ndege asiye na samaki mdomoni hapandi ngazi ya nyumba. Ni kama kusema, tumekuja na njaa zetu. Anayemkagua ni mwanamke mkubwa wa nyumba, na mwanamke mkubwa wa nyumba hii ni mimi.

Asubuhi ile nilikuwa dirishani kabla upatu wa msafara wa bwana harusi haujasikika. Norhata alikuwa chumba cha juu, amepambwa, maana bibi harusi haonekani mpaka aitwe.

"Shangazi, wamefika?"

"Tulia huko. Una haraka ya nini, unafukuzwa?"

"Nauliza tu."

"Tangu lini wewe ukauliza tu?"

Mashua zao zikafika gatini, ndege akainuliwa. Nikamkagua kuanzia kucha. Mbawa safi, mkia safi, shaba inang'aa. Nilikuwa nimeshaanza kukata tamaa nilipomwona samaki anapiga mkia.

Nikashuka ngazi mbiombio. Mchongaji, Mzee Macabangon, mjomba wake Hamdani, alikuwa anatoka jasho mpaka ndevuni.

"Mzee Macabangon, mbona samaki wako anapumua?"

"Dada Omelkhair, kazi yangu siku hizi imekomaa."

"Imekomaa mpaka inanuka?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee akashindwa, akasema kweli. Samaki alimchonga mbali na ndege, akamchomeka mdomoni kwa kijiti, mti ulikuwa haujakauka sawasawa, na katikati ya ziwa kijiti kikachomoka. Shaba aliyompamba nayo ikamzamisha. Wakachukua perege kwa mvuvi waliyempita, wakamfunga kwa uzi.

"Desturi inasema samaki," akajitetea. "Haisemi wa mti."

Kweli, haisemi. Nilikuwa bado natafuta jibu la kumkomesha, mara mwewe akashuka kutoka upande wa msikiti, akampora perege na uzi wake, akaenda zake. Upatu ukanyamaza.

Ndege akabaki mdomo wazi, na watu kama mia mbili wakanigeukia mimi. Lile nililoliomba lilikuwa mbele yangu. Sikuhitaji hata kusema neno, ningegeuka tu nikaingia ndani, harusi ingeishia pale.

Hamdani hakubisha, wala hakumlaumu mjomba wake. Alivua kilemba, akamkabidhi mzee, akaingia ziwani na nguo zake za harusi za rangi ya dhahabu mpaka kiunoni, akaanza kuvua kwa mikono.

"Kushoto kwako!" watu wakapiga kelele. "Huyo, huyo!"

Akadaka jani. Akadaka kandambili ya mtu, akaitazama, akaitupa, akainama tena. Wengine walikuwa wanashika mbavu, lakini yeye uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta mtoto aliyepotea.

Ndipo nikasikia kicheko juu ya kichwa changu. Norhata alikuwa amefungua dirisha, bibi harusi mzima na mapambo yake, anacheka huku machozi yanamharibia poda.

"Hamdani! Utanioa na tope puani?"

"Nikose samaki, nisikukose wewe!" akajibu, maji yanamtoka puani kweli.

Nilitaka kumfokea Norhata arudi ndani, nikashindwa. Nimemlea miaka ishirini na miwili. Nakijua kilio chake, kikohozi chake, hasira zake zote, lakini kicheko kile sikuwahi kukisikia. Hakikuwa changu, na kiliniuma. Kisha nikajikuta nami nacheka, nalia, sijui kipi kilianza.

Nikapanda ngazi. Watu wakaguna. Nikamsikia Mzee Macabangon akisema, "Basi tena." Nikaenda moja kwa moja jikoni, nikafunua sufuria ya karamu, nikampakua perege mzima aliyepikwa kwa nazi na manjano, nikashuka naye mikononi, mchuzi unachuruzika mpaka viwikoni kwenye hariri yangu mpya.

"Inamisha ndege wako."

"Dada, rangi itaharibika."

"Inamisha, kabla sijabadili mawazo."

Akainamisha. Nikamtia samaki mdomoni kwa mikono yangu mwenyewe, nikambana mpaka akashika.

"Lakini huyo samaki ni wa kwetu," akasema mzee mmoja wa upande wetu, mtu wa kupenda mabishano. "Wao ndio wa kuleta, sisi si wa kutoa."

"Ni wa kwangu, na nimemtoa mimi. Kuna mwenye neno?"

Upatu ukalia upya. Nikaushika mlingoti pamoja na Mzee Macabangon, Hamdani nyuma yetu akilowesha kila kidato, tukapanda ngazi, mimi nikiwa mbele, kumpelekea binti yangu ndege wake.