Hapana ya Tatu

Kifurushi kingine kilikuwa kimejilaza barazani, na Ardis Tollefsrud akakitazama kupitia kioo cha mlango kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemfahamu. Hakukiagiza. Au alikiagiza? Swali hilo ndilo lililomtoa jasho, licha ya theluji yote ile nje.

Jambo moja alikuwa na hakika nalo. Kabla majani hayajamalizika kudondoka aliona tangazo gazetini, akaagiza sarafu moja ya fedha, bei poa, zawadi ya kipaimara ya mjukuu wake. Sarafu moja. Baadaye ikaja sarafu ya tai aliyepakwa dhahabu. Zikaja za marais, zikafuata za majimbo, kila seti na kisanduku chake cha mahameli, na bei ya kila seti ilikuwa imeshakatwa kwenye kadi yake ya benki kabla hajaifungua. Tangu yule tai afike, alikuwa akipiga simu kulalamika. Wakamwomba radhi kwa upole mkubwa, na baada ya siku chache kikaja kifurushi kingine. Akapiga tena. Kikaja kingine.

Dada yake, Lavonne, alianza hivihivi. Birika kwenye jokofu, viatu ndani ya tanuri, na akiulizwa anaapa si yeye. Mwisho wake alikuwa akimwita Ardis "mama" na kumwomba ampeleke nyumbani, hali yumo nyumbani.

Loren, mwanawe, alifika mchana huo kutoka Minneapolis. Alikung'uta theluji kwenye mabuti, akakipita kifurushi, akarudi kukiokota, akakiweka mezani karibu na sinia la keki. Juu yake akaweka bahasha ya mwanasheria.

"Mama, hii nini tena?"

"Sarafu."

"Naona ni sarafu. Nani kaziagiza?"

"Si mimi."

"Basi zina miguu."

"Usinicheke, Loren."

"Sicheki. Nilicheka zilipojaa kabatini. Leo nimezikuta bafuni, Mama. Nimenawa mikono natazamana na Abraham Lincoln."

Alikuwa mwana mwema, na wema wake ndio uliokuwa mzigo. Alizitoa karatasi akazinyoosha kwa kiganja. Akitia sahihi tu, alimweleza, benki, bili na kadi vyote vitahamia kwake yeye Loren. Nyumba pia, ikifika siku ya kuuzwa.

"Na mimi nitafanya nini?"

"Utapumzika."

"Lavonne naye aliambiwa apumzike."

Loren alivuta sinia. Alimega kipande cha keki, akakiacha mkononi. "Sawa. Wapigie hao watu hapa mbele yangu. Weka spika, nisikie mwenyewe. Kama kosa ni lao, karatasi nazirudisha kwenye bahasha."

Ardis akapiga. Moyo ulimwenda mbio kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Muziki ukalia mpaka wakauchoka, ndipo sauti ya binti ikaingia, tamu na yenye haraka.

"Asante kwa kutupigia, naitwa Janelle. Nikusaidie vipi, mama?"

"Samahani kukusumbua, mwanangu. Najua una kazi nyingi."

Loren akatazama dari.

Lakini Ardis aliongea vizuri. Alieleza sarafu alizoagiza na ambazo hakuagiza, hakutetereka, hakuchanganya chochote. Janelle alisikika akibofya vitufe.

"Pole sana, Mama Tollefsrud. Seti ya marais nimeisitisha sasa hivi. Majimbo pia."

Loren akainua kidole gumba.

"Na kwa usumbufu uliopata, nakutumia seti ya farasi uitazame tu hapo nyumbani. Usipoipenda, unaturudishia."

"Hapana, hapana, usijisumbue."

"Si usumbufu hata kidogo. Unastahili."

"Ninazo nyingi mno, mwanangu. Mpe mwingine."

"Kweli nitajisikia vibaya usipoichukua, mama."

"Haya basi. Kama haikupi shida."

"Kadi ni ileile?"

"Ileile. Asante sana, na ujifunike vizuri, baridi ni kali."

Alikata simu, uso umemkunjuka. "Umeona? Amesitisha yote."

Loren alikuwa amesimama, keki imemwanguka. "Mama. Umeagiza farasi."

"Nani kaagiza? Nimekataa!"

"Umesema haya basi!"

"Baada ya kukataa mara mbili!"

"Sasa mara mbili ndiyo nini?"

"Alivyong'ang'ania vile ningemfanyaje? Ningemkatalia na ya tatu, kama mtu asiye na..."

Akaitazama simu, halafu kifurushi, halafu simu tena.

Katika mji ule, ukikaribishwa kahawa unasema usijisumbue. Ukikaribishwa tena unasema umekunywa nyumbani. Mara ya tatu unapokea, kidogo tu, nusu kikombe. Anayepokea mapema ni mlafi, na anayekataa mpaka mwisho amemtukana mwenyeji. Orville, marehemu mumewe, alimwomba wacheze dansi mara tatu ndipo Ardis akainuka kitini, na hakuna aliyeona ajabu. Ardis hakuwahi kuihesabu ile "haya basi" kuwa ni kuagiza kitu. Ilikuwa namna ya kuaga. Na huko aliko Janelle, pengine kuna mtu kamfundisha aombe mara tatu, asikate tamaa kabla ya hapo.

"Kumbe kila nilipopiga kulalamika," alisema polepole.

"Kila ulipopiga uliagiza," Loren akasema.

Ardis akaangua kicheko mpaka akashika meza. "Sijachanganyikiwa! Ni adabu tu!"

"Adabu itakuuzia nyumba. Piga tena. Ukatae mpaka mwisho."

Safari hii alipokea kijana, Dustin. Farasi alikubali kuwafuta, ila akasema ipo seti ya vipepeo. Ardis akakataa. Dustin akasema ni bure kutazama. Akakataa. Dustin akavuta pumzi na kusema kwa huzuni kwamba atajisikia vibaya sana.

"Haya basi" ilikuwa imeshafika kwenye ulimi, imevaa na koti.

"Jisikie," alisema Ardis. "Jisikie vibaya, mwanangu. Sitaki. Na kadi yangu uifute."

Akakata bila kuaga. Akaisukuma simu mbali naye, kama aliyempiga kofi mtoto wa watu.

Loren alipiga makofi, akamkumbatia, akasema kesho benki watambadilishia kadi. Kisha akakaa, akatoa kalamu mfukoni.

"Hata hivyo, Mama, weka sahihi tu. Kwa usalama."

"Si ulisema utazirudisha?"

"Nilisema. Lakini leo ni sarafu, kesho sijui ni nini."

"Hapana, mwanangu, usijisumbue."

"Si usumbufu. Mimi ni mwanao."

"Bado naweza mwenyewe."

"Silali usingizi nikikuacha hivi. Kweli, Mama. Silali."

Macho yake yalikuwa mekundu, na hakuwa akiigiza. Ardis akamwona alivyochoka. Akamkumbuka na yule tai wa dhahabu, aliyefika kabla hajampigia mtu yeyote simu ya kulalamika. Huyo alitoka wapi? Alijaribu kumpata kichwani, akakuta ukungu. Huenda ni ujanja wa wale wauza sarafu. Huenda ni yeye mwenyewe. Hakujua, na hapakuwa na wa kumuuliza.

"Hapana," akasema.

Loren akasubiri maelezo. Hayakuja.

"Hiyo ni hapana ya kweli, au ya kahawa?"

"Ya kweli."

"Sasa mimi niseme nini?"

"Sijui, mwanangu."

Loren akaichukua bahasha, akazirudisha karatasi ndani, akaiweka magotini badala ya kuiweka mfukoni. Nje gari la kusukuma theluji lilipita likiunguruma. Wakabaki wamekaa, kila mmoja akimsubiri mwenzake, maana nyumbani mle hakuna aliyewahi kuivuka hapana ya tatu, wala hakuna aliyejua watu wakishaivuka huambiana nini.