Marthe na Skrini Nyeusi

Marthe alifika shuleni saa nane mchana, miguu imekufa ganzi kwa kukaa nyuma ya baiskeli tangu kambi ya wakimbizi ya Mantapala. Karatasi za binti yake alikuwa amezifunga ndani ya plastiki zisilowe jasho. Nje ya ofisi ya mkuu wa shule alikuta wazazi kama thelathini, wamekaa kama watu wa matanga. Vicky, binti yake, akamkimbilia.

"Mama, ordinatere, ile kompyuta ya shule, imeharibika. Haitoe picha. Na leo njo mwisho."

"Mwisho wa nini?"

"Wa kutuma majina ya examen. Saa kumi na moja banafunga. Mwenye jina yake haiyaingia, atangoja mwaka mwingine."

Vicky alikuwa na miaka ishirini. Mwaka mmoja ulimpotea njiani walipokimbia vita kutoka Pweto na kuvuka mpaka, mwingine ukaishia kwenye kujifunza Kiingereza na Kibemba, na darasa akarudishwa nyuma mara mbili. Mwaka mwingine tena? Marthe hakutaka hata kulisikia neno hilo. Aliwapita wazazi wenzake akaingia ofisini bila kuitwa.

Mkuu wa shule, Bwana Kaoma, alikuwa amekaa mbele ya kompyuta pekee ya shule, simu sikioni. Picha na namba za watahiniwa wote arobaini na mmoja zilikuwa ndani ya mashine hiyo. Ishirini na wanne alikwisha kuwatuma jana. Leo asubuhi amewasha, skrini ikabaki nyeusi, na taa yake ndogo ikageuka rangi ya chungwa. Alipoweka simu chini, alionekana mzee ghafla.

"Bamayo, mama, ngojeni nje," alisema kwa Kiswahili chake cha kununulia samaki. "Kwa simu ni Royd, fundi wa mjini Mansa. Anasema skrini imeungua. Ataleta ingine kesho."

"Kesho itatusaidia nini, Directeur?"

Kaoma akabonyeza tena kitufe cha kuwashia; skrini ikabaki nyeusi.

"Naomba niangalie," Marthe akasema.

"Bamayo, hii haiko radio."

Pale shuleni walimjua kama mama wa sombe, yule anayepita na beseni la majani ya mihogo siku za mkutano wa wazazi. Hawakujua kwamba kule Pweto aliendesha secrétariat kwa miaka kumi na moja, yeye na mume wake Ghislain, wakichapa barua za kuomba kazi na mialiko ya harusi. Mashine zilipoharibika, Ghislain alifungua na Marthe akashika taa. Ghislain alipofariki, Marthe akafungua peke yake. Lakini tangu kukimbia, miaka saba, hakuwa amegusa hata kitufe kimoja.

"Kama nikiishindwa, haitakufa mara ya pili," alisema. "Dakika kumi tu."

Kaoma akainuka kwenye kiti.

Marthe hakugusa mashine kwanza. Aliangalia nyuma yake: waya wa umeme, sawa, waya wa picha, umekazwa vizuri. Kisha akauchomoa ule waya wa picha kutoka kwenye kompyuta na kuuacha ukining'inia. Skrini ikamulika. Kidirisha kidogo kikatokea katikati, na ndani yake maneno ya Kiingereza yakisema angalia waya.

Mzazi mmoja dirishani akapiga kelele.

"Umeona, Directeur? Ekra, hii skrini, haiyakufa," Marthe alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa kutulia. "Mutu aliyekufa hawezi kusema. Hii ekra inangoja picha, na hakuna mwenye anaipelekea. Ugonjwa uko mu kisanduku ya kompyuta."

Akarudisha waya, akawasha upya, akainamisha sikio karibu na kompyuta. Hakusikia kitu. Ng'ambo ya uzio, chigayo cha jirani Chilufya, kinu cha injini, kilikuwa kinasaga mihogo kwa mngurumo uliotikisa madirisha.

"Nahitaji kimya. Mwambieni mwenye chigayo azime."

Kaoma akasita. Chilufya hakuwa mtu wa kuambiwa azime injini foleni ikiwa ndefu. Marthe akatoka mwenyewe, akasimama kwenye uzio na kupaza sauti kwa Kibemba chake kilichovunjika: batoto arobaini na mmoja, dakika moja. Wanawake wa foleni wakacheka matamshi yake, halafu wakaelewa, halafu wao ndio wakamgeukia Chilufya. Mngurumo ukakatika. Chilufya akabaki na mkono kwenye injini, unga umemjaa nyusi, anangoja kuona ni jambo gani kubwa hivyo.

Marthe akawasha. Ofisi nzima ikasikia: mlio mrefu, kimya, mlio mrefu, kimya, kama gari linalorudi nyuma.

"Barette," akasema. Hakuwa amelitamka neno hilo miaka saba, na lilitoka lenyewe.

Alichomoa umeme, akafungua ubavu wa kompyuta kwa ncha ya kisu cha mboga. Ndani kulikuwa na vumbi jeupe la unga, tabaka juu ya tabaka. Akapuliza mpaka Kaoma akapiga chafya. Akagusa chuma cha kisanduku kwanza, kama Ghislain alivyokuwa akimkumbusha kila mara, kisha akachomoa vibao viwili vyembamba, barette zenyewe, urefu wa kidole. Hivyo ndivyo kompyuta hushikia mambo inapofanya kazi, na bila hivyo haiwezi hata kuchora nukta moja. Meno yake ya shaba yalikuwa yamefifia kwa unyevu wa ziwa lililokuwa karibu.

"Nipeni gomme."

Kaoma akapapasa droo asijue anachotafuta.

"Raba, sir!" Vicky akaita kutoka mlangoni. "Raba ya kufutia!"

Raba zikaja nne kwa mara moja. Marthe alisugua meno ya kibao cha kwanza taratibu mpaka yakang'aa, akakirudisha, akawasha. Mlio mrefu. Kimya. Mlio mrefu. Nje mtu akasema, tulijua. Kaoma akatazama saa: saa tisa kasoro. Jasho likamtiririka Marthe mgongoni. Dakika kumi alizoomba zilikwisha zamani, lakini hakuna aliyemkumbusha.

Akazima. Akakiweka kando kile cha kwanza, akasugua cha pili mara tatu zaidi ya ilivyohitajika, akakichomeka kwenye nafasi nyingine na kukikandamiza mpaka vishikizo vya pande zote mbili vikalia tak.

Akawasha.

Mlio mmoja mfupi. Taa ya chungwa ikawa kijani. Halafu skrini yote ikajaa buluu, na jina la shule likajitokeza kwa herufi kubwa.

Vigelegele vilivyopigwa pale vilivuka uzio. Wanawake wa foleni ya mihogo wakavidaka na kuvirudisha, ingawa hawakuwa wameona kitu. Kaoma alishika kichwa kwa mikono miwili, akasema kwa Kibemba maneno ambayo Marthe hakuyajua, lakini aliyaelewa yote.

Kisha Kaoma akakaa, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Majina kumi na saba yalibaki. Marthe alivumilia jina moja.

"Directeur, unisomee. Mi nitaandika."

Vidole kumi vikashuka kwenye vitufe. Mwanzoni vilikosea, kisha vikakumbuka, na Kaoma akawa ndiye anayeombwa asome haraka. Jina la Vicky lilifika la kumi na nne, na Marthe aliliandika kama mengine yote, ila alilirudia kulisoma mara mbili. Saa kumi na dakika ishirini, jibu likarudi: wote arobaini na mmoja wamepokelewa.

Kaoma alilichapisha jibu hilo, akalibandika mlangoni, na wazazi wakasukumana kuweka kidole kwenye majina ya watoto wao. Alirudi ndani akasimama mbele ya Marthe kama mwanafunzi.

"Madame Marthe," alisema, mara ya kwanza kumwita hivyo, "walimu wangu hawajui hii kazi. Ungeweza kuja kuwafundisha? Jumatatu?"

Marthe alikuwa anajifuta unga kwenye mikono.

"Jumatatu niko shamba," alijibu. "Jumanne nitakuja. Na wewe pia utakaa mu darasa, Directeur. Kile kidole kimoja hakitoshi."