Watu Niliowaombea

Jumamosi, tarehe saba Machi. Asubuhi ilikuwa na mawingu mepesi, hakuna jua wala mvua, na udongo ulikuwa umelowa kiasi cha kupokea jembe vizuri. Nilipofungua dirisha nilimshukuru Mungu kwa hali hiyo, maana mvua ingewapa wanachama wangu sababu ya kutokuja, na jua kali lingewapa sababu nyingine.

Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha kutunza chanzo cha maji cha mtaa wetu. Ni chemchemi ndogo inayotoka chini ya mwamba, nyuma ya karakana za kuchomelea vyuma. Kwenye mikutano yenye soda wanachama wetu ni wengi, hata viti hukosekana. Kwenye matope tuko wanne: mimi, wifi yangu, ambaye ni katibu, mume wake, akilazimishwa, na mpiga mbiu wetu tunayemwita Tarumbeta kwa sababu ya sauti yake.

Siku hiyo tulikuwa tunamngoja afisa wa mazingira. Bwana Povu, mwenye biashara ya kuosha magari kule barabarani, alikuwa ameomba kibali cha kuihamishia kwenye kilima kilicho juu ya chanzo. Oili na sabuni zingeteremka moja kwa moja hadi kwenye mwamba. Afisa hakutuficha. Aliniambia mbele ya wifi, "Mama, nikija Jumamosi nikakuta chanzo kina wenyewe, nitamnyima kibali. Nikikuta kichaka na mama mmoja mwenye jembe, nitatia saini, nisikudanganye."

Basi nikaomba. Niliomba nikifagia, nikiosha vyombo, na hata kwenye darasa langu la jioni nikiwa nimefunika uso kwa kitabu, mpaka mwalimu akaniuliza kama naumwa. Sala yangu ilikuwa fupi: "Bwana, niletee watu."

Darasani tulikuwa tumefika kwenye somo la risala, nami nikaandika yangu ya kwanza. Kwa imani, niliweka humo sentensi hii: "Mgeni rasmi, wananchi hawa unaowaona wamekuja kwa hiari yao, kwa ajili ya chanzo hiki."

Wifi aliisoma akacheka hadi akajishika ubavu. "Wifi yangu, 'wananchi hawa'? Andika 'mume wa katibu unayemwona'."

"Imani ni kuwa na hakika ya mambo yasiyoonekana," nikamwambia.

"Haya. Hao wasioonekana watashika majembe mangapi?"

Ijumaa nilimtuma Tarumbeta azunguke mtaa mzima na kipaza sauti cha mkononi. Nilimwambia awaite watu wote waje kwenye chanzo, na waje na watoto, maana afisa anapenda kuona familia. Jambo moja sikulifikiria vizuri. Alhamisi Tarumbeta alikuwa ameng'olewa meno mawili ya mbele, ya juu. Aliporudi jioni alikuwa ameloa jasho, ana furaha.

"Mwenyekiti, nimemalija mitaa yote. Wamenielewa shana. Kuna mama amenishukuru mpaka machoji yakamtoka."

Machozi kwa ajili ya chemchemi! Nililala nikiimba.

Asubuhi tulifika chanzoni mapema, sisi wanne na majembe yetu. Mara tukasikia sauti za watu nyuma ya karakana. Wakaanza kutokea: kina mama wenye watoto mgongoni, kina baba wenye watoto mabegani, mwanamke mwenye kuku kwenye kikapu, na wanaume wawili waliokuwa wakivutwa na mbwa wao. Wakazidi kuja. Nilipiga magoti palepale kwenye tope.

"Asante, Bwana! Asante!"

"Wifi, inuka," wifi akasema. "Mbona wanapanga foleni?"

Nikafumbua macho. Kweli, walikuwa wamepanga foleni, imenyooka kuanzia kwenye mwamba hadi kwenye karakana. Hakuna aliyekuwa na jembe. Wengi walishika kadi za kliniki. Mbele kabisa alisimama bibi mmoja tunayemwita Bibi Kwanini, kwa kuwa hakuna jambo analolipokea bila kuliuliza. Alikuwa amemshika mjukuu wake kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine alikuwa tayari anampandisha shati.

"Mama Mwenyekiti, shikamoo yako tutapeana baadaye, tuna haraka. Mnachoma begani au pajani?"

"Kuchoma nini, bibi?"

"Chanjo! Si mmetangaza chanjo?"

Nikamgeukia Tarumbeta. Naye alinitazama kama mtu asiye na hatia hata kidogo.

"Ulitangaza nini?"

"Ulichoniambia. Njooni wote kwenye chanjo."

"Chanzo!"

"Ndiyo. Chanjo."

"Chan-zo!"

"Mwenyekiti, mbona unarudia ninachoshema?"

Wifi aliketi juu ya jiwe akafunika uso kwa kanga. Mabega yalikuwa yanatikisika. Sikujua analia au anacheka, mpaka nikasikia mkoromo.

"Hata mimi nilishangaa," Bibi Kwanini akasema. "Nilimsikia akisema 'chanjo chetu'. Nikajiuliza, kwa nini 'chetu'? Chanjo ni 'yetu'. Nikasema labda hakusoma huyu, tumsamehe."

Moyoni niliona aibu, kwani ngeli nilizifaulu vizuri na kumbe hazikunisaidia kitu. Lakini sikupata nafasi ya kuwaza zaidi. Gari la afisa lilikuwa limeshasimama karibu na karakana. Akateremka, akavua miwani, akaitazama ile foleni mwanzo hadi mwisho.

"Mama!" akasema. "Watu wote hawa?"

Wifi alikuwa ameshafika sikioni kwangu. "Mungu ana njia zake. Uliomba watu, watu hao. Soma risala, atie neno lake, aende. Mengine tutayamaliza wenyewe kwa wenyewe."

"Na wenye kadi?"

"Ataona ni kadi za uanachama."

Nitasema ukweli: ushauri ule ulinipendeza. Niliutazama mwamba wetu na maji yanayotoka chini yake taratibu. Nikakitazama kilima. Halafu nikamwona Bwana Povu mwenyewe, yupo katikati ya foleni, ameshika kamba ya jibwa lake, ameamini tangazo kama wengine. Ningenyamaza tu, hata yeye angehesabiwa kuwa mmoja wa walinzi wa chanzo.

Nikafungua karatasi, nikaanza kusoma. Nilimsalimu mgeni rasmi. Nikaeleza historia ya kikundi. Sauti ilinitoka vizuri kuliko darasani. Nikafika kwenye ile sentensi.

"Mgeni rasmi, wananchi hawa unaowaona..."

Nikakwama. Nikajaribu tena. "Wananchi hawa unaowaona..."

"Endelea, wifi," wifi akanong'ona. "Wamekuja kwa hiari."

Nilikuwa nimemwomba Mungu watu. Sikumwomba uongo wa kuwafunika nao. Nikaikunja karatasi.

"Wananchi hawa unaowaona, mheshimiwa, wamekuja kuchanjwa. Mpiga mbiu wetu hana meno ya mbele. Alitaka kusema chanzo, wakasikia chanjo. Kina mama, mnisamehe. Hakuna sindano hapa. Kuna majembe manne tu."

Watoto ndio waliokuwa wa kwanza kuelewa. Ilianza kelele moja, zikafuata nyingine, na mara watoto wote wakawa wanarukaruka kwa furaha. Mmoja alinikumbatia miguu akagoma kuniachia. Wakubwa walifanya kinyume chake.

"Nimefunga genge langu kwa ajili ya matope?"

"Na mimi nimemwogesha kuku!"

"Nani alikwambia kuku anaogeshwa akienda kuchanjwa?"

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Bwana Povu. "Mheshimiwa," akaita, "umejionea. Chanzo hakina mwenyewe. Tia saini tu, hata mgongo wangu unaweza kuutumia kama meza."

Afisa alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kicheko. "Mama, umesema ukweli, nami nakuheshimu. Lakini unajua tulivyokubaliana." Akatoa kalamu mfukoni. Foleni ikaanza kuvunjika. Nikafumba macho, ila safari hii sikupata hata neno la kuombea.

"Kwa nini?"

Ilikuwa sauti ya Bibi Kwanini. Hakuwa amesogea hata hatua moja. Nafasi yake ya kwanza kwenye foleni alikuwa hajaiachia.

"Kwa nini nini, bibi?" afisa akauliza.

"Kwa nini chanjo haiji mtaani kwetu? Hawa watu wote wamekuja mbio kwa tangazo la mtu asiye na meno. Unafikiri ni kwa sababu gani? Kliniki iko mbali, mtoto ana homa, mama ana mzigo. Wewe ni mtu wa serikali. Tujibu."

Waliokuwa wanaondoka wakasimama.

"Bibi, hayo si ya idara yangu," afisa akasema. "Lakini nililisikia kikaoni. Wauguzi wako tayari kuja. Wanataka mahali penye maji safi karibu, na mtaa wenu hauna."

"Na haya?" Bibi akanyoosha kidole kwenye mwamba.

"Hayo yana matope na majani, bibi."

"Tukiyasafisha?"

"Mkiyasafisha, mkajenga uzio, watakuja. Kwa nini wasije?"

"Hapo 'kwa nini' ni yangu," Bibi akasema. "Na huyu akiosha magari yake hapo juu?"

Afisa akatazama kilima. Akatazama kalamu yake. "Basi hayatakuwa safi," akasema polepole.

Watu wote wakamgeukia Bwana Povu. Jibwa lake nalo likamgeukia.

Mama wa genge ndiye aliyeanza. Alimkabidhi jirani mtoto wake, akafunga kanga kiunoni, akachukua jembe mkononi mwa mume wa wifi, ambaye hakupinga hata kidogo. Mafundi wa karakana wakaleta sepetu. Wasio na chochote walizoa majani kwa mikono. Mwenye kuku alimfungua, na kuku naye akaanza kuparua tope pamoja na wengine. Mimi nilikuwa bado nimesimama na risala yangu, mpaka wifi akanipokonya.

"Shika jembe, wifi. Umeletewa watu, unangoja na malaika?"

Jua lilipotoka, maji yalikuwa yanatiririka mpaka tunayaona mawe chini yake. Afisa, suruali ikiwa imekunjwa hadi magotini, alijaribu kuaga kimyakimya. Bibi Kwanini akamzibia njia.

"Hutoki hivihivi, mwanangu. Simama juu ya jiwe hilo. Ninyi nyote njooni, mtakuwa mashahidi. Na wewe Povu, sogea, shahidi wa kwanza ni wewe. Haya, baba, fuatisha: Mimi."

Afisa alinitazama mimi kuomba msaada. Nikainamisha kichwa kama mtu anayesali.

"Mimi," afisa akasema.

"Kwa sauti. Huku nyuma kuna viziwi."

Akavuta pumzi, akavua kofia. Akasema, na kila mtu akasikia mpaka kwenye karakana: "Mimi, mbele ya watu hawa wote, naahidi kwamba sitatia saini ya kuosha magari juu ya maji haya, na nitakwenda mwenyewe kuwaomba wauguzi, niwalete hapa, nami nikiwa wa kwanza kukunja shati nichanjwe."